Pampu ya umeme kwenye Land Rover ya marehemu baba: yaliyonikuta kati ya Arusha na Marangu

Naandika haya kwa ajili ya mwenye gari la zamani la kabureta, ambalo siku hizi linamzimikia njiani jua likiwaka, na kila gereji anayoingia anaambiwa, "Weka pampu ya umeme tu, bosi, utasahau hizo shida." Mimi niliambiwa hivyohivyo na nikaweka. Wiki tatu baadaye nusura niliunguze gari mama yangu mzazi akiwa ndani.

Gari lenyewe ni Land Rover 109 ya milango mitano, ya mwaka 1978, injini ya petroli ya lita 2.25 na kabureta ya Zenith, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Marehemu baba alilipata mnadani, akalitunza kama mboni ya jicho, na alipofariki hakuna ndugu aliyethubutu kutamka neno la kuliuza. Kwa gari hili tanki liko nyuma chini ya sakafu. Pampu yake ya asili iko mbele, ubavuni mwa injini: kidude cha chuma chenye mpira ndani unaopandishwa na kushushwa na kamshafti, mhimili unaozunguka ndani ya injini, na kwa nje kina kiwiko kidogo cha kupampia kwa mkono. Ina maana petroli inavutwa mwendo wa mita kadhaa kutoka nyuma hadi kwenye kitu kilichogandana na injini ya moto.

Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Petroli ikivutwa huchemka mapema kuliko ikisukumwa, na ikichemka ndani ya bomba inageuka mvuke. Pampu ya kusukuma mafuta haiwezi kusukuma mvuke. Mafundi wetu husema gari "limeshika hewa". Unakaa pembeni nusu saa, bomba linapoa, linawaka kana kwamba halijawahi kuugua.

Langu lilianza Desemba 2023. Mnajua barabara ya Arusha kwenda Moshi ilivyo wiki ya Krismasi: kila Mchaga aliyeko mjini anarudi nyumbani, mabasi, magari madogo, pikipiki, wote njia moja. Mama alikuwa amekaa kwangu Sakina mwezi mzima kwa ajili ya kliniki ya macho, na sasa alitaka kurudi kwake Marangu. Usa River tulipita vizuri. Tulipoteremka kule kwenye joto, karibu na njia panda ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, foleni ikasimama, na gari likazima.

Nilifungua boneti nikabaki natazama. Mama akashuka, akaja taratibu akasimama pembeni yangu.

"Baba yako alikuwa analowesha kitambaa," akasema. "Anakifunga pale."

Akaonyesha pampu kwa kidole. Kisha akafungua mkoba, akatoa khanga yake moja, akaimwagia maji ya kunywa, akanikabidhi. Nilipoizungushia pampu mvuke ukapanda papo hapo na harufu ya chuma cha moto, na khanga ikaanza kukauka pembezoni huku katikati bado inadondosha. Tukaimwagia tena. Baada ya dakika kumi nikapampu kwa kile kiwiko hadi nikahisi kinakuwa kizito, nikapiga stata, likawaka. Tulifanya hivyo mara mbili zaidi, Boma Ng'ombe na tena kwenye mlima wa kutoka Himo. Tulifika Marangu saa mbili usiku. Ile khanga ilitoboka, na mama hakusema neno.

Kabla sijaendelea, mambo mawili ambayo ningetaka mtu aniambie wakati ule. La kwanza, fungua kifuniko cha tanki gari likishazima. Ukisikia hewa inavutwa "fyuu" kuingia ndani, na gari likawaka, basi tundu la kupumulia la kifuniko limeziba na pampu yako haina kosa. La pili, pampu ya asili ina mpira, na mpira huo unauzwa. Mimi ningeweza kubadilisha mpira kwa elfu 35, nikasogeza bomba la mafuta mbali na eksozi, na huenda safari yangu yote ingeishia hapo. Sijutii kuweka ya umeme, lakini najutia kuikimbilia.

Januari nikaenda gereji moja hapa Arusha, nisiyoitaja. Kijana akanitolea pampu iliyokwishatumika, ndefu kama tochi ndogo, akasema, "Hii ina nguvu, mzee, imetoka kwenye gari la injekta." Nikafurahi kusikia neno nguvu. Sikuuliza nguvu kiasi gani wala kabureta yangu inahitaji kiasi gani. Akaifunga mbele, ndani ya boneti, kwenye ukuta wa nyuma ya injini. Waya wa umeme akauchukua kwenye koili, ile inayotengeneza cheche za plagi: alichuna ule waya mweupe, akasokotea wa pampu juu yake, akazungusha tepu nyeusi. Ethi, yaani waya wa kurudishia umeme kwenye bodi, akaibana kwenye boliti iliyopakwa rangi. Pampu ya zamani akaiacha palepale, akaipitisha mafuta kando. Saa moja na nusu kazi ikawa imekwisha. Nililipa 95,000, pampu na ufundi.

Siku ya kwanza nilizunguka hadi Njiro na kurudi, gari jepesi, nikampigia mama simu kumwambia matatizo yamekwisha.

Dalili zilianza ndani ya siku chache, na zote niliziona. Usiku nikiwasha taa kubwa gari lilikuwa linamisi, yaani injini inakatakata. Mvua ikinyesha, waipa na taa pamoja, linamisi zaidi. Moshi wa eksozi ukawa mweusi asubuhi. Mafuta ya wiki nzima yakawa ya siku nne. Na harufu ya petroli ilikuwa ndani ya gari kila mara, kiasi kwamba mwanangu Neema aligoma kukaa siti ya mbele. Kila dalili niliitafutia kisingizio chake. Ningeziweka zote pamoja mezani zingenipa jibu moja.

Februari mama alirudi kliniki, na nilikuwa namrudisha tena. Tulipofika Kikatiti gari likaanza kutetemeka, likakohoa, likazima. Nikalisogeza pembeni kwa mwendo lililobaki nao. Nikashuka, ufunguo nikauacha vilevile, umewashwa, kwa sababu nilidhani natazama kidogo tu. Nikafungua boneti.

Petroli ilikuwa inamwagika kutoka juu ya kabureta, inateremka ubavuni mwake kama chai iliyozidi kikombe, inaangukia kwenye manifoldi ya eksozi, kile chuma kinachopokea moshi wa moto kutoka injini. Kila tone lililogusa chuma lilisema "chsss" na kupotea. Na katikati ya ukimya ule wa injini iliyozima nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikiliza: zzzzzz. Pampu ilikuwa inaendelea na kazi. Pampu ya zamani ilikuwa inasukumwa na injini, kwa hiyo injini ikifa nayo inakufa. Hii ya umeme haijui kama injini imezima. Ilimradi ufunguo umewashwa, inasukuma.

Nilipiga kelele, "Mama, shuka! Shuka sasa hivi!"

"Nini tena, Baba Neema?"

"Shuka, mama!"

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeganda pale mbele, mkono mmoja umeshika boneti. Aliyeokoa ni kijana wa bodaboda aliyekuwa amesimama ng'ambo. Alivuka mbio, akanisukuma, akaingiza mkono dirishani na kuzima ufunguo. Halafu akamfungulia mama mlango, akamshika mkono hadi chini ya mti. Wenzake walikuja na mchanga kwenye ndoo. Haikushika moto. Mpaka leo sielewi kwa nini haikushika, maana manifoldi ilikuwa ya moto wa kutosha. Mama alikaa chini ya mti ule akisali kwa sauti ya chini, na mimi nilikaa pembeni yake nikiwa nimelowa jasho mgongo mzima. Sikuwa na mtungi wa kuzimia moto ndani ya gari. Nina miaka 46 na nilikuwa nimepakia petroli na mama yangu bila mtungi.

Mjomba alikuja na Hilux kutoka Moshi, akatuvuta kwa mnyororo hadi Majengo, kwa fundi ambaye marehemu baba alimwamini. Ni mzee sasa, anafanya kazi chini ya mwembe na vijana wawili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye wa yule bwana mwenye 109? Poleni sana na msiba ule."

Hakugusa kabureta. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa, akaniletea puani. Petroli. Kisha akanionyesha alama: oili ilikuwa imepanda juu ya kiwango, na hakuna aliyeiongeza. Mpira wa pampu ya zamani ulikuwa umepasuka siku nyingi, na hapo awali ulikuwa unadondosha petroli ndani ya injini. Kisha ile kabureta iliyofurika nayo ikawa inashusha ya kwake kupitia kwenye silinda. Oili iliyochanganyika na petroli inakuwa nyepesi kama maji na hailindi chuma. "Ungeendesha hivi mwezi mmoja zaidi," akasema, "tungekuwa tunaongea habari za beringi."

Halafu akaigeuza ile pampu mkononi.

"Kabureta hii inataka psi tatu, tatu na nusu. Hii ni ya injekta, inatoa 40 na kupanda. Nidili ya kabureta ni kakitu kadogo, kanazuia mafuta kwa kusukumwa na floti. Utakazuiaje na psi 40?"

Psi ni kipimo cha presha, na floti ni kile kiboya kinachoelea ndani ya kabureta. Tofauti hiyo ya presha ndiyo ya kushika kwa mtu yeyote anayesoma haya. Ukienda kununua, sema mapema: "Nataka ya gari la kabureta, ya presha ndogo." Ukiambiwa ni zote sawa, ondoka dukani hapo. Nilipata mpya Arusha kwa 130,000, kimraba kidogo kinachopiga "tik tik tik", maandishi ya presha yamechapwa kwenye boksi lake. Kama huna hakika na maandishi, mwambie fundi aifunge kwenye geji kabla haijaingia kwenye gari.

Kazi ilichukua siku mbili, na mzee alinitaka niwepo niishike kwa mikono yangu. "Gari hili utakuwa nalo njiani peke yako," alisema. Jambo la kwanza lilikuwa mama lishe. Jiko lake la mkaa lilikuwa hatua kama kumi na tano kutoka kwetu, upande wa mteremko. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi, unatambaa chini kufuata mteremko kama maji, usiuone. Mzee alimwendea akamwomba kwa heshima, na tukasubiri hadi wateja wa mchana wakaisha na moto ukazimwa ndipo tukafungua bomba la tanki. Pili akatoa waya wa ethi wa betri. Tatu akaniuliza mtungi wa kuzimia moto uko wapi. Nikaenda kununua, elfu 50, ndipo tukaanza.

Pampu ya umeme inajua kusukuma kuliko kuvuta. Mahali pake ni nyuma, karibu na tanki, usawa wa chini ya tanki ikiwezekana, ili mafuta yaijie yenyewe. Tuliifunga kwenye chesisi kwa ndani, palipokingwa na mawe ya barabarani na mbali na bomba la eksozi, juu ya vipande viwili vya mpira wa tairi ili mlio usiingie kwenye bodi. Filta ikatangulia kabla ya pampu, kwa sababu tanki la mwaka 1978 lina kutu na kutu inaua pampu mpya kwa wiki. Filta ya pili ndogo ikakaa mbele kabla ya kabureta. Hozi zote za mpira zikawa mpya, za petroli kweli. Zile nilizowekewa mwanzo zilikuwa za maji. Mzee alikunja moja mbele ya macho yangu ikaonyesha nyufa kama kisigino kilichokauka, na ilikuwa na wiki tatu tu.

Pampu ya zamani tuliing'oa. Ukiing'oa linabaki tundu kwenye injini na oili itatoka hapo, kwa hiyo alikata bamba la chuma kwa kipimo chake, akakata gasketi, akaliziba. Oili yote ikamwagwa, ikawekwa mpya na filta yake.

Sasa nyaya. Hapa ndipo nataka nisimame, maana pampu nzuri yenye nyaya mbovu ndiyo iliyonifikisha Kikatiti.

Kwenye Land Rover hizi na magari mengine ya Kiingereza ya zama zile, rangi zina maana. Waya wa kahawia una moto wakati wote, moja kwa moja kutoka betri. Mweupe unapata moto ufunguo ukiwashwa, na haupiti kwenye fyuzi. Kijani ni huohuo wa ufunguo ila umeshapita kwenye fyuzi. Mweusi ni ethi. Kumbe yule kijana alipouchukua umeme kwenye waya mweupe wa koili, kwanza aliiweka pampu mahali pasipo na fyuzi, hata waya ungegusana na bodi usingekatika, ungewaka moto. Pili, alimnyang'anya koili chakula chake. Ndiyo maana ya kumisi usiku. Mzee alipima kwa mita: kwenye betri volti 12.6, kwenye pampu taa zikiwa zimewashwa volti 10.3. Zaidi ya volti mbili zimepotelea kwenye waya mwembamba, tepu na ile ethi ya juu ya rangi.

Angalia na betri yako kabla hujaanza. Land Rover za zamani zaidi ya hii yangu, za kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960, nyingi zilifungwa ethi chanya, yaani upande wa chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi, kinyume na hii yangu. Pampu nyingi za siku hizi ukizigeuzia umeme utaziua.

Dawa ni rilei. Mtu wa kawaida akisikia rilei anadhani ni mambo makubwa, kumbe ni swichi tu inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Ina miguu minne yenye namba. Mguu wa 30 tuliupa waya mnene wa milimita za mraba 2.5 kutoka betri, ukipitia fyuzi ya ampea 7.5 iliyokaa shibiri moja kutoka kwenye betri. Fyuzi ikae karibu na betri: sehemu ya waya iliyo kabla ya fyuzi haina mlinzi. Mguu wa 87 ukaenda nyuma kwenye pampu, waya huohuo mnene, ndani ya bomba la plastiki, na kila ulipopita kwenye tundu la bati tukaweka mpira ili bati lisiukate. Mguu wa 86 ukapata moto kutoka waya wa kijani. Umebaki wa 85, ambao gereji nyingi huutupa ethi na kumaliza kazi.

Mzee hakuutupa ethi. Aliupeleka kwenye swichi ya presha ya oili.

Nilimwomba anieleze mara mbili, na nieleze hapa taratibu. Injini ikizunguka kuna presha ya oili. Ikizima, presha inaisha. Ukiweka swichi inayofunga pale tu presha inapokuwepo, na ukaupitishia humo mguu wa 85, rilei itawaka injini ikiwa hai tu. Injini ikifa kwa sababu yoyote, hata ufunguo ukiwa umewashwa, pampu inakata. Angalizo: swichi iliyopo kwenye gari, ile ya taa ya onyo ya oili, inafanya kinyume, inafunga wakati presha haipo. Ukiitumia hiyo umeharibu kila kitu. Inatakiwa ya pili, ya aina nyingine, na kiungo cha T ili zote mbili zikae tundu moja. Ya kwangu niliipata kwa 25,000 baada ya kuzunguka maduka manne ya spea.

Lakini gari lililolala usiku kucha litapataje mafuta ya kuanzia wakati oili bado haina presha? Kwa hiyo akaweka swichi ya kubonyeza kwenye dashibodi, kama ya honi, inayoupa mguu wa 85 ethi kwa muda ninaoibonyeza. Asubuhi nawasha ufunguo, nabonyeza nikihesabu hadi nane, "tik tik tik" inaanza haraka kisha inapungua kasi kabureta ikijaa, naachia, napiga stata. Injini ikishika, oili inachukua zamu. Njiani kwenye ule waya wa kijani tukaongeza swichi ya ajali, tuliyoitoa kwenye Discovery iliyokatwa, elfu 20. Ikigongwa kwa nguvu inajikata yenyewe, na ina kitufe juu cha kuirudisha.

Ethi ya pampu ndiyo iliyonifundisha uvumilivu. Mzee alinipa msasa na kuniambia nisugue chesisi mahali pa boliti. Nikasugua dakika mbili nikaona inatosha. Akaja, akapitisha kidole, akasema, "Bado." Nikasugua tena. "Bado." Rangi ya juu ilikuwa imetoka, chini yake kulikuwa na rangi nyingine nyekundu, chini ya hiyo kutu laini kama unga wa kahawa. Nilipofika kwenye chuma cheupe kinachorudisha mwanga wa jua, kipande kama sarafu, akakipaka grisi kidogo, akakaza boliti na kichwa cha waya kilichobanwa kwa koleo, bila tepu. Tukapima tena taa zote zikiwa zimewashwa: volti 12.2 kwenye pampu.

Kabla ya kuunganisha na kabureta alichomoa hozi ya mbele akaiingiza kwenye dumu la lita tano, akanipa simu nihesabu muda. Lita moja ilijaa kwa sekunde 52. Ni kama lita 70 kwa saa, na injini hii hata ipande mlima imepakia ndizi haili nusu ya hizo. Jaribio hili lifanyeni wote, na mlifanyie mahali pa wazi.

Gharama ya awamu ya pili ilifika 471,000: pampu, oili na filta yake 75,000, hozi, klipu, waya, mtungi, swichi, na ufundi 80,000 ambao kwa kweli mzee alistahili zaidi. Ukijumlisha na zile 95,000 za mwanzo utaona bei ya haraka zangu. Kijana wa Kikatiti nilimrudia wiki iliyofuata. Alikataa hela mara mbili, mara ya tatu nikaiacha kwenye siti ya pikipiki yake.

Nina mambo bado sijayamaliza. Ule mlio wa "tik tik" unasikika ndani gari likiwa limesimama kwenye foleni, nahitaji mpira mzito zaidi. Na kwenye dashibodi nimeweka rilei ya akiba na fyuzi tatu, kwa sababu sasa nina vitu ambavyo baba hakuwa navyo vya kuharibika njiani.

Pasaka nilimrudisha mama. Alipanda bila kusema kitu, lakini niliona amekaa kiti cha nyuma, karibu na mlango. Jua lilikuwa kali pale njia panda ya KIA na foleni ilikuwepo, injini ikabaki inanguruma. Tukapanda kutoka Himo kwa gia ya pili bila kusimama. Tulipofika Marangu Mtoni nikaegesha pembeni, nikaachia klachi kwa makusudi gari likiwa kwenye gia, likaruka na kuzima. Ufunguo sikuugusa.

"Umefanya nini?" mama akauliza.

"Sikiliza, mama."

Tukasikiliza wote wawili. Mto ulikuwa unasikika chini, na mtu anapasua kuni ng'ambo. Nyuma ya gari kulikuwa kimya.

Mama akashuka, akazunguka, akaja kukaa siti ya mbele.

"Haya," akasema. "Washa twende."